Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Kilimanjaro: mama aulizwe kama mkojo unamtoka

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, waganga wakuu wa halmashauri zote za mkoa, wakurugenzi, na waheshimiwa madiwani.

Yah: Wanawake wanaotokwa na mkojo bila hiari yao

Salamu kwenu nyote.

Sisi ni wauguzi, wakunga na wataalamu wa fiziotherapia tunaohudumia wanawake wa Moshi mjini, wa vijiji vya mlimani na wa tambarare. Tunaandika mapema kwa makusudi. Mpango wa afya wa halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai, mwaka wa fedha unapoanza, na kisichoandikwa humo hakipati hata boksi moja la glovu.

Jambo tunaloleta halina kelele. Mama anavaa kanga iliyokunjwa mara nne chini ya gauni, kila siku, hata siku za baridi ambapo haikauki. Kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kwenye daladala anasimama ingawa kiti kipo. Anafika kliniki kwa ajili ya presha, sukari au chanjo ya mtoto, anahudumiwa vizuri, anaondoka, na la mkojo halijatajwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ombi letu kubwa ni hilo: aulizwe. Mengine yote katika barua hii yanaanzia hapo.

Kuuliza kwenyewe kuna namna. Ukimwambia mama, "Una shida ya mkojo?" atajibu hapana, maana kwake shida ya mkojo ni kuchoma au kutoa damu, kuvuja anakuhesabu kuwa ni uzazi au ni uzee. Neno kujikojolea nalo tuliache kabisa, kwani ni la mtoto mdogo na la mlevi, na akilisikia anafunga mdomo. Maneno yanayofungua mazungumzo ni haya: "Mama, wanawake wengi wakikohoa, wakicheka au wakinyanyua ndoo, mkojo kidogo huwatoka. Wewe je?" Kisha: "Huwa unabanwa ghafla hata usifike chooni?" Na la tatu, ambalo lisisahaulike kwa aliyejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni: "Mkojo unatoka wenyewe muda wote, hata ukiwa umelala?" Maswali hayo hayamalizi dakika moja.

Akijikaza akasema, mara nyingi anapewa jina moja: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Anaandikiwa antibiotiki, sipro, mkojo unaendelea kumtoka, anarudi, anaandikiwa azuma, na baada ya safari ya nne anaambiwa ana UTI sugu. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndilo kosa linalowapotezea wanawake wetu miaka, na linaharibu dawa ambazo tutazihitaji kwa wagonjwa wa kweli. UTI huja kwa siku chache: mkojo unachoma, unakuja mara kwa mara kidogo kidogo, tumbo la chini linauma, pengine homa. Ni kweli inaweza kumfanya mtu abanwe na kuvuja, ndiyo maana kijiti cha kupima mkojo kinatakiwa kwa kila mama anayelalamika. Kijiti hicho hicho kinaonyesha pia damu na sukari. Lakini mama anayevuja akikohoa tangu mtoto wake wa tatu, mwaka wa nne sasa, bila kuchomwa wala homa, hana kidudu cha kuuawa na kidonge. Ana misuli iliyolegea. Kwa bibi wa miaka 70 tahadhari iwe kubwa zaidi: wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote, na kuwapa antibiotiki hakuzuii tone hata moja.

Mkojo una njia kadhaa za kumponyoka mwanamke, na kila njia ina tiba yake.

Ya kwanza ni kuvuja kwa msukumo. Fikirini mpira wa kumwagilia migomba. Ukiukanyaga juu ya ardhi ngumu, maji yanakatika. Ukiukanyaga juu ya tope, unazama tu na maji yanaendelea kupita. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4, na imelala juu ya misuli na kano zinazoshika nyonga kwa chini, tunazoziita sakafu ya nyonga. Kikohozi kinapokandamiza kutoka juu, sakafu ikiwa imara njia inabanwa na kufungika. Sakafu ikiwa imelegezwa na mimba, uzazi mgumu, umri na mizigo, hakuna cha kubania. Mkojo unaruka kwa wakati ule ule wa kikohozi, kidogo, kisha unakoma.

Ya pili ni kubanwa ghafla. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 hadi 500 bila matata, na mwenye nacho huenda chooni mara 4 hadi 8 mchana na mara 1 usiku au asiende kabisa. Kibofu cha mama huyu kinajikamua kabla ya wakati, pengine kikiwa na mililita 100 tu. Anasikia maji ya bomba, au anaingiza ufunguo mlangoni, au anatoka nje alfajiri yenye baridi, basi mkojo umeshakuja na haumsubiri. Wengi wana haya mawili kwa pamoja, na hapo tunaanza na lile linalomtesa zaidi.

Ya tatu ni kufurika: kibofu kimejaa, hakina nguvu ya kusukuma, mkojo unamwagika juu kwa juu kama ndoo iliyosahauliwa bombani. Huyu mara nyingi ana kisukari cha muda mrefu, tatizo la uti wa mgongo, au kibofu chake kilivutika kupita kiasi baada ya kujifungua. Ya nne ni fistula, yaani tundu kati ya njia za mkojo na uke, tutaieleza chini kwa kuwa haina nafasi ya kusubiri.

Kutofautisha hizi hakuhitaji mashine. Mama asiende chooni kwanza. Alale chali, magoti yakunjwe, atenganishe miguu, muuguzi akiwa na tishu mkononi amwambie akohoe kwa nguvu mara tatu. Mkojo ukiruka papo hapo na kukoma, ni msukumo. Ukikaa sekunde kadhaa baada ya kikohozi kisha ukaja mwingi usiozuilika, ni kibofu kilichojikamua. Usipotoka, arudie akiwa amesimama, mguu mmoja mbele. Kisha aende chooni, na kama tumbo la chini bado limejaa, apimwe kilichobaki kwa ultrasaundi au kwa mpira wa mkojo unaoingizwa na kutolewa mara moja. Kikizidi mililita 150 apewe rufaa, na asipewe dawa yoyote ya kutuliza kibofu.

Sasa angalieni ni wapi kitanda, taa, glovu na muuguzi tayari vipo: kwenye uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Mama ameshapanda kitandani, ameshakubali kuchunguzwa. Dakika tano za ziada hapo zinatosha kumkohoza, kuona kama kizazi kimeteremka, na kumpima nguvu ya misuli. Tunaomba zianze huko, na kwenye kliniki ya wiki ya 6 baada ya kujifungua, na kwenye kliniki za presha na kisukari. Vitabu vya MTUHA, vya kuandikia takwimu za wagonjwa, ni vya taifa na hatuombi mviongezee safu. Daftari la kawaida la kurasa 96, lililopigwa mistari kwa rula, linatosha.

Tiba ya kwanza ya kuvuja kwa msukumo ni mazoezi ya sakafu ya nyonga. Hayajaanza jana; mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alishayachapisha. Tatizo ni jinsi yanavyofundishwa, kwa sentensi moja mlangoni: "Uwe unabana bana huko chini." Mama akiambiwa hivyo tu, anaweza kufanya kinyume kabisa. Anasukuma. Anavuta pumzi, anaikaza, tumbo linatoka mbele, na msamba unavimba kwa nje kama anayejifungua. Akifanya hivyo mara tatu kwa siku anailegeza zaidi sakafu aliyokuja kuiimarisha, na mwezi ujao atasema mazoezi hayasaidii. Atakuwa anasema kweli.

Basi afundishwe hivi. Akojoe kwanza. Alale chali, magoti juu, mkono mmoja tumboni. Aambiwe: "Fanya kama unayezuia hewa isitoke nyuma, na hapo hapo unazuia mkojo. Vuta juu na ndani, kana kwamba unakinyanyua kitu kiingie tumboni. Usibane makalio. Usibane mapaja. Endelea kupumua." Muuguzi aangalie msamba. Ukivutwa ndani, ameipata. Ukitokeza nje, asimame hapo hapo na kuanza upya. Kwa ruhusa ya mama, kidole kimoja chenye glovu ndani ya uke kinasema zaidi ya macho: kinabanwa na kunyanyuliwa, au kinasukumwa nje, au hakisikii kitu. Kumhesabia kwa sauti kunasaidia, kwa sababu anayehesabu naye kwa sauti hawezi kukata pumzi.

Akishaipata, apimwe anaweza kushikilia sekunde ngapi kabla ya msuli kuachia wenyewe. Wengi huanza na 3. Hiyo ndiyo dozi yake: ashikilie 3, apumzike 6, arudie mara 8. Kisha abane na kuachia harakaharaka mara 10. Afanye hivyo asubuhi, mchana na jioni. Kila wiki aongeze sekunde moja hadi afike 10. Wiki za mwanzo alale, kisha aketi, kisha asimame, na mwishowe afanye akiwa na ndoo mkononi, maana mkojo haumtoki kitandani, unamtoka kisimani. Kabla ya kila kikohozi, chafya au mzigo, abane kwanza kisha akohoe. Hiyo peke yake inaweza kupunguza matone ndani ya siku chache, na ndiyo inayompa moyo wa kuendelea. Asifanye mazoezi akiwa anakojoa. Kukata mkojo katikati kunaweza kumsaidia mara moja kuutambua msuli, lakini kukiwa desturi kunakizuia kibofu kisimalize kazi yake.

Muda ni wiki 12, si chini ya hapo, na katika hizo lazima aonwe tena. Msuli unajengeka polepole, na wiki ya tatu ambapo haoni badiliko ndipo anapoacha. Tunapendekeza aonwe wiki ya 2 kuhakikisha hasukumi, wiki ya 6 kuongeza dozi, na wiki ya 12 kuamua. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumpitia nyumbani katikati. Hakuna kifaa cha kununua. Kinachohitajika ni muuguzi aliyefundishwa kwa vitendo, na mafunzo hayo hatuna haja ya kuyaagiza kutoka mbali: hospitali ya KCMC ipo hapa Moshi tangu mwaka 1971, na chuo cha fiziotherapia kimo ndani yake. Tunaomba wauguzi wawili kutoka kila kituo cha afya, siku tano, wafundishwe kwa vidole na macho. Kuwasomea slaidi tu hakutawafundisha kumtambua anayesukuma.

Anayebanwa ghafla ana tiba nyingine, mafunzo ya kibofu, na inaanza na daftari. Kwa siku tatu aandike saa aliyokojoa, kiasi, alivyovuja na alichokunywa. Kopo la plastiki la nusu lita lenye alama za mililita 100 zilizochorwa kwa kalamu ya wino mzito linatosha kupimia. Asiyejua kuandika apige mstari kwa kila safari ya chooni na duara kwa kila mvujo, jua upande mmoja wa karatasi na mwezi upande wa pili. Karatasi hiyo inatoboa mengi. Utaona vikombe sita vya chai na kahawa kabla ya saa sita mchana. Utaona muuza ndizi asiyekunywa kitu kutwa nzima ili asihangaike kutafuta choo, mkojo wake umekolea rangi ya chai, umekichokoza kibofu, na choo kikubwa kimekuwa kigumu kinachokandamiza kibofu kwa nyuma. Huyu anahitaji kunywa, lita 1.5 hadi 2 kwa siku, aache saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Kama daftari linaonyesha anakwenda kila dakika 45, aanze hapo: kila dakika 45, abanwe asibanwe. Wiki inayofuata saa nzima. Aongeze dakika 15 kila wiki hadi afike saa mbili na nusu au tatu, kwa wiki 6 angalau. Akibanwa kabla ya saa, asikimbie. Kukimbia kunakitikisa kibofu na kuipa akili taarifa kwamba imeshindwa. Asimame au aketi, abane sakafu harakaharaka mara tano au sita, apumue, ahesabu kurudi nyuma kutoka 50. Kubanwa huja kama wimbi, na wimbi hupita. Likishapita, atembee polepole kwenda chooni.

Mafunzo yasipotosha ndipo tunafika kwenye dawa. Oksibutinini, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku kwa mzee, hadi 5 mara mbili au tatu kwa asiye mzee, ipewe wiki 4 kabla ya kuhukumiwa. Inakausha mdomo, inafunga choo, na kwa wazee inaweza kuvuruga akili. Haifai kwa mwenye presha ya macho wala asiyeweza kumaliza mkojo. Kwa aliyekoma hedhi, ambaye uke na njia ya mkojo vimekauka na kuwasha, krimu ya estrojeni ndani ya uke kila usiku kwa wiki 2, kisha mara mbili kwa wiki, husaidia sana. Tunaomba dawa hizi mbili ziingie kwenye maoteo, yaani makadirio ya mahitaji, ya vituo vya afya na hospitali za wilaya mnapoagiza Bohari ya Dawa. Kisichowekwa kwenye maoteo hakiletwi.

Lakini kabla ya kuongeza kidonge, angalieni alivyo navyo. Hapa kuna ushindi wa bure. Dawa za presha kaptopri na enalapri huwaletea baadhi ya wagonjwa kikohozi kikavu kisichoisha, na kila kikohozi ni tone. Furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, ikiandikwa jioni inamwamsha mara nne usiku, gizani, choo kiko nje, ndipo anapoanguka na kuvunjika nyonga. Prazosini na doksazosini, nazo za presha, zinalegeza mlango wa kibofu. Mganga wa kliniki ya presha akibadilisha aina au saa ya dawa, mama anaweza kukauka bila kupewa kitu kipya. Mwenye miguu inayovimba alale mchana saa moja ameinua miguu, maji yatoke kabla ya usiku.

Fistula. Mama aliyekaa na uchungu siku mbili, kichwa cha mtoto kimekandamiza kibofu dhidi ya mfupa hadi nyama ikafa, huanza kuvuja siku chache baada ya kujifungua. Mkojo hautoki kwa kikohozi wala kwa kubanwa; unatiririka usiku na mchana na kitanda kinaloa. Siku hizi tusiangalie uchungu pingamizi, yaani uliokwama namna hiyo, peke yake: aliyejifungua kwa upasuaji au kutolewa kizazi kisha akaanza kuvuja naye anaweza kuwa na tundu, wakati mwingine kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Kipimo kinawezekana hospitali ya wilaya: pamba tatu zipangwe ndani ya uke, maji yenye rangi ya bluu yaingizwe kibofuni kwa mpira, mama atembee kidogo, kisha pamba zitolewe. Pamba ya kati au ya juu ikiwa ya bluu, tundu liko kibofuni. Ya juu ikiloa bila rangi, mkojo unatoka kwenye mrija wa figo. Ya chini peke yake ikiwa ya bluu, huenda ni kuvuja kupitia njia ya kawaida.

Kwa mama ambaye hajapita wiki 4 tangu kujifungua, siku hiyo hiyo awekewe mpira wa mkojo, ukae wiki 4 hadi 6 ukitiririka bila kuziba, anywe maji mengi. Tundu dogo lililo bichi linaweza kujifunga lenyewe. Asipelekwe nyumbani kusubiri. Lisipojifunga anahitaji upasuaji kwa mikono iliyozoea fistula, kwa sababu upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kufaulu. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kinachomkwamisha mama wa Rombo au Same ni nauli, na aibu ya kukaa kwenye basi akiwa analowa. Tunaomba kila halmashauri itenge fungu la usafiri wa wagonjwa wa fistula na wasindikizaji wao, lisilohitaji saini za ofisi nne. Na baada ya kuzibwa, baadhi hubaki wanavuja kwa msukumo ingawa tundu limefungwa. Wasichukuliwe kuwa upasuaji umeharibika, wapelekwe kwenye mazoezi.

Wodini kwa wazazi kuna jambo dogo lenye madhara makubwa. Aliyejifungua asipokojoa ndani ya saa 6, au saa 6 baada ya mpira kutolewa, atolewe mkojo kwa mpira. Asiambiwe "utakuja tu." Kibofu kilichovutika kupita kiasi siku hiyo kinaweza kupoteza nguvu moja kwa moja. Mkojo wa kwanza upimwe kwa kopo, na ukiwa chini ya mililita 150 aangaliwe upya. Aliyekaa na uchungu pingamizi, hata kama havuji, abaki na mpira siku 7 hadi 14 ili ile nyama iliyobanwa ipone. Tunajua mipira huisha wodini. Ndiyo maana tunaitaja kwenu.

Wenye kizazi kilichoteremka ni wengi mlimani. Utafiti uliofanyika Hai na kuchapishwa mwaka 2018, uliowapima wanawake zaidi ya 1,000, ulikuta zaidi ya nusu viungo vyao vya nyonga, kama kizazi au kuta za uke, vimeteremka kwa kiwango cha pili au zaidi, na mizigo mizito ilikuwa miongoni mwa sababu. Anayekaa Machame au Kibosho hahitaji kuelezwa: mzigo wa majani ya ng'ombe unatoka tambarare hadi kihamba, shamba la nyumbani, kichwani, mlima mtupu, na mara nyingi aliyejitwisha amejifungua mwezi uliopita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ushauri wa "usibebe vizito" hauna maana kama bomba liko kilomita moja chini. Waheshimiwa madiwani, bomba la karibu ni tiba ya nyonga. Kwa ngazi ya kituo, pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia kizazi ingewasaidia wengi wasiotaka au wasioweza kupasuliwa. Inahitaji saizi tofauti na mama arudi kila miezi 3 hadi 6 itolewe na kuoshwa.

Upasuaji wa kuvuja kwa msukumo upo pia, na ni wa mwisho. Tahadhari moja: nyavu za plastiki zinazopandikizwa kupitia uke zimeumiza wanawake wengi nje, Uingereza ilisimamisha matumizi yake mwaka 2018, na Marekani iliamuru zile za kuzuia kizazi kuteremka ziondolewe sokoni mwaka 2019. Utepe uliokatwa kwenye utando wa tumbo la mgonjwa mwenyewe unafanya kazi bila kumwachia plastiki mwilini.

Wakati tiba inaendelea mama anahitaji kukaa mkavu. Taulo za kike zimetengenezwa kwa damu na huzidiwa na mkojo upesi, na pampasi za watu wazima ni ghali. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Kwa hiyo hatuji na ombi la kodi. Mafundi cherehani wa vikundi vya wanawake wanaweza kushona vitambaa vya kufua: flaneli ya pamba tabaka nne hadi sita, kitambaa kisichopitisha maji chini, vifungo viwili, sita kwa kila mama. Halmashauri zinazokopesha vikundi hivyo zina njia tayari. Ngozi ioshwe kwa maji matupu bila sabuni kali wala dawa ya kuua vijidudu, ikaushwe kwa kugusagusa, ipakwe vaselini kidogo.

Masoko nayo yamo katika barua hii. Mama anayeuza Mbuyuni au Kiboriloni kuanzia alfajiri akilipia choo kila saa, faida ya fungu la mchicha inaishia chooni. Tunaomba kliniki iwape stika wanaotibiwa tatizo hili, na wenye stika hiyo wasilipishwe. Na milango iwe na komeo, ndani kuwe na maji na ndoano ya kutundika nguo, kwani mwenye kitambaa cha kubadilisha hawezi kukiweka chini.

Viongozi wa dini tunawaomba kupitia kwenu. Waislamu wana hukumu inayojulikana kwa asiyezuia mkojo: hutawadha kila wakati wa swala ukiingia, akajihifadhi kwa kitambaa, akaswali. Wapo wanawake walioacha kuswali kwa kutoijua. Masheikh wakiisema darasani, na wachungaji na mapadri wakiruhusu mtu atoke katikati ya ibada bila macho kumfuata, tutapata wagonjwa wengi zaidi wanaojitokeza.

Kuna wasiopaswa kuingia kwenye mazoezi moja kwa moja, na muuguzi awajue: mwenye damu kwenye mkojo, mwenye uvimbe tumboni, mwenye ganzi kati ya mapaja au miguu iliyoanza kulegea, na anayevuja muda wote. Hao ni rufaa, na wa ganzi ni rufaa ya siku hiyo hiyo.

Tunapendekeza muanze na vituo vitatu, kimoja mlimani, kimoja tambarare, kimoja mjini, kwa miezi sita, ili kila mama apate nafasi ya kumaliza wiki zake 12. Kila kituo kiwe na chumba chenye pazia linalofika chini, boksi za glovu, vijiti vya mkojo, kopo la kupimia, daftari, na wauguzi wawili waliofundishwa. Tutawaletea hesabu nne: walioulizwa, waliosema ndiyo, waliorudi wiki ya 6, na waliokuwa wakavu au karibu na kukauka wiki ya 12. Namba hizo zikiwa mezani kwenu ndipo tujadili vituo vinavyofuata.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, wakunga na wataalamu wa fiziotherapia,
Moshi